Mshonaji wa Mioyo ya Ng'ombe

Kwa miaka kumi na tisa Jean-Berchmans Gasana alikuwa na siku moja katika mwaka iliyokuwa yake. Siku nyingine zote alikuwa fundi wa maabara katika shule moja ya sekondari pale Kagarama, Kigali. Aliosha vioo, alipanga chupa za dawa, alijaza madumu mfereji ulipokatika, na mwalimu alipoingia darasani yeye alitoka. Lakini kila muhula wa pili, darasa la mwaka wa nne lilipofika kwenye somo la mzunguko wa damu, mwalimu Mutabazi alifunga daftari lake, akaketi nyuma pamoja na wanafunzi na kusema, "Leo mtafundishwa na Mzee Gasana."

Hapo Gasana alivua koti la buluu, akavaa jeupe alilolipiga pasi mwenyewe, akafunua sinia. Ndani kulikuwa na mioyo minne kwa mstari: wa sato, wa chura, wa kuku na wa ng'ombe. Alianza na ule wa sato, mdogo kama punje ya harage.

"Huyu ana vyumba viwili tu," alisema. "Cha kupokea na cha kusukuma. Damu inatoka hapa, inapita kwenye mashavu kuchukua hewa, halafu inaendelea moja kwa moja hadi mkiani bila kurudi kusukumwa tena. Mpaka inafika huko, nguvu yake imeshapungua. Kwa samaki inatosha, maji yanambeba."

Kisha chura, vyumba vitatu: viwili juu, kimoja chini, damu yenye hewa na isiyo na hewa zikikutana mle ndani na kuchanganyika kiasi. Chura hajali, kwa sababu hata ngozi yake inavuta hewa. Kisha kuku na ng'ombe, vyumba vinne na ukuta mzima katikati. "Hapa kuna safari mbili," alisema Gasana. "Upande wa kulia unapeleka damu kwenye mapafu tu, ikirudi upande wa kushoto unaipeleka mwili mzima. Moyo ni mmoja, pampu ni mbili."

Mwisho aliunyanyua moyo wa ng'ombe, akachomeka mpira wa maji kwenye mshipa mpana unaorudisha damu kutoka mwilini. Maji yaliingia upande wa kulia. Akiukamua kwa viganja, yaliruka kwa mshipa mwingine, ule wa kwenda mapafuni. Kisha alimimina maji kwa juu kwenye mshipa mkuu wa upande wa kushoto, na vilango vitatu vidogo mle ndani vilijifunga vyenyewe, maji yakasimama yasishuke. Wanafunzi walipanda juu ya viti waone. Kwa wiki nzima baadaye walimwamkia uwanjani, "Mzee Moyo."

Kulikuwa na siri katika jambo hilo. Machinjioni, kila moyo wa ng'ombe lazima upasuliwe. Veterineri anayekagua nyama anaufungua kwa kisu toka juu hadi nchani, atazame kama kuna vifuko vya minyoo ya tegu. Moyo uliopasuliwa hauwezi kushika maji. Kwa hiyo kila mwaka, siku moja kabla ya somo, Gasana alijifungia stoo ya maabara akiwa na sindano iliyopinda na uzi wa nailoni, akaushona moyo ule mshono mdogo mdogo, kisha akapaka mafuta ya ng'ombe juu ya mshono. Kazi hiyo aliijua tangu ujana. Alizaliwa Bujumbura, mtoto wa wakimbizi, na baba yake alikuwa na kibanda Buyenzi alikoshona mipira ya ngozi. Mpira unaopumua, baba alikuwa akisema, ni aibu ya mshonaji. Wakati wa somo Gasana aliulaza upande wenye mshono chini. Mutabazi mwenyewe alistaafu akidhani mioyo ile ilitoka machinjioni ikiwa mizima. Aliyejua ni Béatha peke yake, mke wa Gasana, kwa sababu sindano zilikuwa zake. Béatha alikuwa mshonaji katika kiwanda cha nguo huko Masoro.

Mutabazi alipostaafu, aliletwa mwalimu mpya, Natacha Akimana.

Alikuwa na miaka ishirini na saba, mrefu, viatu vya mpira vyeupe, na naye alikuwa ametoka Bujumbura, mtaa wa Bwiza, tangu mwaka 2015 akiwa bado msichana wa shule. Siku ya kwanza alimsalimia Gasana kwa Kiswahili cha kule, na Gasana alifurahi. Wiki hiyo nzima alikuwa akisema nyumbani, "Tumepata mtoto wa kwetu." Alimpangia kabati lake. Alimwonyesha ufunguo gani unakwama.

Furaha hiyo iliisha Jumatano moja.

Natacha alikuwa anafundisha mishipa inayorudisha damu moyoni. Alimwita Gasana kutoka stoo. "Mzee, samahani, niazime mkono." Gasana, bila kujua anachoitikia, akakunja shati. Natacha akamfunga kitambaa juu ya kiwiko, akaunyoosha mkono ule mbele ya darasa zima. Mishipa ilituna, minene, mkono wa mtu aliyebeba madumu maisha yake yote.

"Mnaona hivi vinundu?" alisema Natacha. "Kila kinundu ni kilango. Sasa tazameni." Alibana mshipa kwa kidole kimoja karibu na kifundo cha mkono, kwa kidole kingine akaikamua damu kwenda juu hadi ikapita kinundu, akainua kile kidole cha juu. Mshipa ukabaki mtupu, umelala. Damu haikurudi chini. Alipoachia kile cha karibu na kifundo, ulijaa tena mara moja. "Njia ni moja. Kwenda moyoni tu. Mkono wa Mzee Gasana ni mzuri kuliko picha yoyote kwenye kitabu."

Wanafunzi walipanga foleni kujaribu. Walimbana, wakamwachia, wakambana tena. Natacha alimshukuru kwa moyo safi kabisa. Gasana alirudi stoo, akashusha shati, akafunga kifungo. Alijiuliza mbona yeye, miaka kumi na tisa, hakuwahi kufikiria jambo rahisi kama lile. Alikuwa na mkono huo huo siku zote. Tena alikuwa amesimama mbele ya darasa kama mmoja wa samaki wake.

Tangu siku hiyo alianza kumhesabia Natacha kila kitu. Akicheka na wanafunzi barazani, Gasana aliona anajipendekeza. Akichelewa kurudisha darubini, aliona dharau. Asipochelewa, aliona anajionyesha. Walimu wenzake walipomsifu wakati wa chai, yeye alitia sukari bila kuangalia mpaka chai ikawa hainyweki.

Halafu ukaja muhula wa pili na somo la mzunguko wa damu. Gasana aliosha koti jeupe, akalitundika nyuma ya mlango, akangoja aambiwe. Asubuhi ya somo alitazama dirishani akaona darasa lote la mwaka wa nne liko nje, kwenye uwanja wa mpira wa kikapu. Natacha alikuwa amechora moyo mkubwa kwa chaki sakafuni, vyumba vinne, milango, na njia ndefu zilizozunguka uwanja. Upande mmoja ameandika MAPAFU, upande wa mbali, karibu na ua, ameandika MWILI. Wanafunzi walikuwa damu. Waliotoka mapafuni walibeba vitambaa vyekundu, wakapita chumba cha juu kushoto, cha chini kushoto, wakatoka mbio kuelekea mwilini. Huko njia ilijigawa ikawa nyembamba sana, mtu mmoja nyuma ya mwingine, bega likigusa kamba.

"Hapa hakuna kupitana," Natacha alisema kwa sauti. "Kapilari ni nyembamba hivyo. Chembe nyekundu zinapita moja moja, ndiyo maana kuna muda wa kuacha mzigo. Acheni hewa hapa, chukueni hewa chafu, rudini kulia."

Waliacha vitambaa vyekundu, wakachukua vya rangi ya zambarau, wakarudi taratibu upande wa kulia wa moyo, na kutoka huko kwenda mapafuni kubadilisha tena. Binti mmoja aitwaye Kaliza, ambaye kwa kawaida hafungui kinywa darasani, alikuwa amewekwa kuwa kilango. Alimzuia kwa mikono miwili kila aliyejaribu kurudi nyuma. Hata mkuu wa shule, Madamu Mukamana, alisimama barazani akitabasamu.

Gasana alitazama yote hayo mpaka mwisho. Jambo lililomchoma zaidi ni kwamba lilikuwa zuri. Lingekuwa la kijinga angelala vizuri. Alilitoa koti jeupe nyuma ya mlango, akalikunja, akalirudisha nyumbani ndani ya mfuko wa plastiki.

"Mbona hukulivaa?" aliuliza Béatha.

"Siku hizi hawahitaji moyo. Wanahitaji michoro ya chaki."

"Ulimwambia kwamba siku ile huwa ni yako?"

"Kwani hajui? Shule nzima inajua."

"Yeye ana muhula mmoja hapo, Berchmans."

Gasana alilitia koti kabatini. Alikuwa amekwisha kuamua kwamba Natacha anajua.

Mwezi uliofuata ilitangazwa siku ya wazazi, na kwamba mgeni kutoka ofisi ya elimu wilayani atakuja kuangalia masomo ya sayansi. Natacha alimfuata Gasana stoo. Wanafunzi walikuwa wamemsimulia habari za miaka ya nyuma.

"Mzee, nasikia unajua kupata moyo wa ng'ombe unaopitisha maji. Nataka kuonyesha siku ya wazazi. Utanisaidia?"

Sikio la Gasana lilishika neno moja tu: nataka kuonyesha. Si wewe uonyeshe.

"Iko sawa," alisema. "Nitakuletea moyo."

Alikwenda machinjioni asubuhi ya mkesha wa siku hiyo. Veterineri, mtu wa maneno machache aitwaye Kubwimana, alikuwa amemzoea. Alikata, alitazama, alipiga muhuri, akamsogezea. Kila mwaka Gasana alichukua moyo mmoja. Safari hii alichukua miwili. Alipokuwa juu ya pikipiki akirudi, sanduku la barafu limekaa kati yake na motari aliyekuwa akiendesha, alijiambia wa pili ni wa akiba.

Mchana alijifungia stoo. Moyo wa kwanza aliushona kama hajawahi kushona. Mshono ulikuwa mdogo mno hata yeye mwenyewe, akipitisha kidole, ilimbidi autafute. Alijaribu kwa maji mara tatu, hata tone halikutoka. Kisha akautazama wa pili, uliopasuliwa toka juu hadi nchani. Sindano ilikuwa bado mkononi, na uzi ulikuwepo, na muda pia. Akaziweka pande mbili za jeraha pamoja, nyama ikashikana kwa ubichi wake, akaulaza kwenye sinia upande huo chini. Kwa macho ulikuwa mzima kabisa. Aliufunika kwa kitambaa cheupe na kuubandika karatasi yenye jina la Natacha. Ule ulioshonwa aliurudisha kwenye sanduku la barafu na kulisukuma chini ya meza ya mwisho.

Sikufanya kitu, alijiambia. Ameomba moyo, nimemletea moyo.

Siku ya wazazi maabara ilijaa hadi milangoni. Mgeni wa wilaya alikaa mbele kabisa, suti ya kijivu, miguu imenyooshwa. Gasana alisimama nyuma, karibu na meza ya mwisho. Ndani ya mfuko wake mkubwa kulikuwa na koti jeupe, limepigwa pasi.

Natacha aliongea vizuri. Alieleza vyumba vinne, kulia na kushoto, mapafu na mwili. Akachomeka mpira wa maji kwenye mshipa mpana, akamwomba Kaliza afungue mfereji kidogo.

Maji yaliingia, na kwa muda mfupi moyo ulivimba kama unataka kupiga. Kisha jeraha likafunguka. Maji yenye wekundu yalitoka chini ya moyo pande zote, yakajaza sinia, yakapita ukingo, yakamwagikia meza na suruali ya kijivu ya mgeni. Mtu alicheka. Wengine wakacheka kwa sababu yule amecheka. Kaliza alifunga mfereji. Natacha alibaki ameushika moyo kwa mikono miwili, akiugeuza huku na huku, midomo imebana, kama mtu anayetafuta ni wapi amekosea.

"Samahani sana," alisema. "Samahani, mheshimiwa."

Gasana alihesabu pumzi tatu. Akavaa koti jeupe, akalivuta sanduku la barafu, akapita katikati ya wazazi.

"Mkiruhusu," alisema, "ninao mwingine."

Ilikuwa kama alivyoiota. Njia ilifunguka mbele yake. Aliuweka moyo kwenye sinia safi, akaeleza kwa sauti ile ya miaka kumi na tisa. Maji yaliingia kulia, akakamua, yakaruka kwa mshipa wa mapafuni. Wazazi walishangaa kwa sauti. Ilipofika zamu ya vilango vya mshipa mkuu, alihitaji mtu wa kuushika moyo wima wakati yeye anamimina. Bila kufikiri alisema, "Mwalimu, nishikie kwa chini."

Natacha akaweka viganja chini ya moyo. Gasana alimimina. Maji yalisimama juu ya vilango, hayakushuka, na watu wakapiga makofi. Katikati ya makofi hayo alimwona Natacha akisogeza kidole gumba polepole juu ya nyama, akakirudisha, akakisogeza tena. Alikuwa ameupata mshono. Aliinua macho akamtazama Gasana. Aliuweka moyo chini kwa uangalifu, akapiga makofi na wengine.

Wageni walipotoka kwenda kunywa soda, walibaki wawili maabara.

"Uzi huu umeutia lini?" aliuliza Natacha.

"Jana."

"Na ule wangu?"

"Ule sikuushona."

"Ulijua utavuja."

Gasana alitazama mlango. Nje wanafunzi walikuwa wanamngoja mwalimu wao. Kaliza alikuwa ameshika chupa ya soda aliyomletea, na mwingine ameleta taulo la kumkaushia mikono. Gasana aliyashangaa yaliyopita moyoni mwake saa ile. Alikuwa ameshinda, watu wamempigia makofi, na bado alimwonea Natacha wivu. Aliona wivu hata juu ya aibu yake, kwa jinsi ilivyopata watu wa kuifuta.

"Nilijua," alisema.

Natacha alifungua mfereji, akanawa hadi kwenye viwiko. "Mimi nilisimama pale nikitafuta kosa langu. Nilidhani nimechomeka mshipa siyo." Akafunga mfereji. "Nimekukosea nini, Mzee?"

Yalimjia yote: mkono, kitambaa juu ya kiwiko, chaki uwanjani. Kila moja, akitaka kulisema, lilikuwa dogo, halifai kutoka kinywani mwa mtu wa miaka hamsini na minne. "Hujanikosea. Ile siku ya moyo ilikuwa siku yangu," alisema mwishowe. "Kila mwaka. Mutabazi alikuwa ananipa."

"Hakuna aliyeniambia kwamba ni yako." Sauti yake haikupanda. "Ungeniambia ningekupa, Mzee. Mimi kushika nyama mbichi hata sipendi."

Alichukua taulo mlangoni, akaondoka.

Hakumsema kwa mtu. Gasana alingoja siku ya kwanza, ya pili, wiki, na hakuitwa ofisini. Alipoitwa, ilikuwa kupewa barua ya pongezi. Madamu Mukamana aliisoma mbele ya walimu wote, ikabandikwa kwenye ubao wa matangazo: kwa ujuzi na utayari wake. Natacha alikaa viti viwili kutoka kwake akiangalia kikombe. Wala hakuacha kumsalimia. Alisema "Mwaramutse, Mzee" kila asubuhi, akapita. Lakini hakumwomba tena kitu. Alinunua sato wake mwenyewe soko la Kimironko, akawaleta ndani ya mfuko, akawapasua mwenyewe huku amegeuza uso. Stoo ilikuwa kimya. Mara mbili Gasana alimkuta Natacha anahangaika na ule ufunguo unaokwama, na mara zote mbili Natacha alingoja apite kwanza.

Nyumbani alimweleza Béatha Jumapili moja walipotoka misa, wakiwa wanapanda mlima kwa miguu. Béatha alisimama.

"Sindano ilikuwa yangu," alisema.

"Ndiyo."

"Yule binti hapa Kigali hana mtu. Mama yake yuko Bujumbura, uliniambia mwenyewe. Wewe una mimi, una nyumba, una miaka kumi na tisa pale. Ulikuwa unashindana na nani?"

Walipanda mpaka juu, Béatha akiwa mbele.

Jumatatu Gasana aliitoa barua ubaoni, akaacha pini nne zimesimama, akaenda nayo ofisini kwa mkuu wa shule. Alieleza kila kitu akiwa wima, pamoja na ile mioyo miwili na lile koti mfukoni. Madamu Mukamana alisikiliza akiwa amevua miwani. Alikuwa mwanamke asiyependa maneno mengi, na hakumwambia kwamba amefanya vizuri kuja.

"Kumbe ile suruali ya mgeni ni wewe," alisema. "Na mimi nikamwandikia mwalimu Natacha barua ajiandae vizuri zaidi. Imo kwenye faili lake." Aliichukua barua ya pongezi, akaikunja mara mbili. "Ya kwake nitaitoa leo. Wewe utapata onyo la maandishi. Na hutasimama mbele ya wanafunzi mpaka nitakaposema."

"Naomba nisimame mara moja tu," alisema Gasana. "Niwaambie wao."

Madamu Mukamana alivaa miwani. "Muulize mwalimu wao."

Natacha alikubali kwa kutikisa kichwa. Gasana alisimama mbele ya mwaka wa nne akiwa na koti la buluu. Aliwaambia kwamba moyo uliovuja siku ya wazazi haukuvuja kwa kosa la mwalimu. Aliwaeleza kuhusu kisu cha veterineri, sindano, na moyo alioacha makusudi. Kaliza akainua mkono.

"Kwa nini, Mzee?"

"Nilikuwa na wivu," alisema Gasana.

Alitegemea wacheke. Hawakucheka. Kijana mmoja nyuma alianza kuchora kitu kwenye dawati kwa kucha yake na hakuinua kichwa. Natacha alisema, "Asante, Mzee," kisha akageukia ubao kuendelea na kapilari, na Gasana akatoka kama alivyokuwa akitoka siku zote mwalimu anapoingia.

Haikuwa kwamba tangu hapo wakawa marafiki. Ilichukua miezi. Kwanza Natacha alimwachia ule ufunguo unaokwama afungue yeye. Baadaye, siku moja ya mvua, sato watatu walipokuwa wanaanza kunuka, alikuja mlangoni mwa stoo na kusema, "Mzee, hawa wamenishinda." Gasana aliwachukua. Akamwonyesha jinsi ya kuingia chini ya mashavu kwa mkasi mdogo ili moyo utoke mzima na uvimbe wake mweupe wa mbele, kule damu inakoanzia safari.

Muhula wa pili wa mwaka uliofuata Natacha alimwendea Madamu Mukamana, akaomba siku ya moyo irudishiwe Gasana. Mukamana alikataa. Mwaka mmoja zaidi, alisema. Mzee ataandaa, mwalimu atafundisha.

"Basi nifundishe kushona," Natacha alimwambia Gasana.

Hilo lilimuuma kuliko onyo. Ule mshono ndio kitu pekee pale shuleni ambacho hakuna mwingine aliyekiweza. Alisema atafikiri. Alifikiri siku mbili, akapeleka sindano.

Walikwenda machinjioni pamoja. Kubwimana, ambaye kwa miaka kumi na tisa alimwambia Gasana maneno yasiyofika mia, alimwona mwalimu kijana akiwa amevaa buti, akaacha kisu, akaanza kueleza: kwa nini anapasua hapa na si pale, kifuko cha mnyoo kinafananaje, ng'ombe wa wapi huwa nacho zaidi. Alimfungulia moyo mmoja zaidi aone kamba nyembamba zinazovishikilia vilango vikubwa visipinduke. Natacha aliuliza, Kubwimana akacheka. Gasana hakujua kama mtu yule ana meno ya juu.

Kitu kile cha zamani kiliamka kifuani. Alikijua sasa kinavyokuja: joto kwanza, halafu hesabu. Alilishika sanduku la barafu kwa mikono miwili akangoja.

"Huyu ni mwalimu wetu wa biolojia," alimwambia Kubwimana, ingawa hakuna aliyemwuliza. "Mwonyeshe na mapafu pia."

Mchana, stoo, mshono wa kwanza wa Natacha ulivuja nchani. Wa pili ulivuja kidogo. Gasana alimwambia avute uzi kuelekea kwake, asiuvute juu, na asiogope nyama. Saa kumi hivi walijaribu kwa maji, yakakaa.

Siku ya somo Gasana aliketi kwenye kiti cha nyuma alichokuwa akikalia Mutabazi. Natacha aliugeuza moyo, akawaonyesha wanafunzi mshono kabla ya kitu kingine chochote, akaeleza kwa nini upo. Kisha akachukua moyo mwingine, akaukata katikati na kuuliza: mbona ukuta wa chumba hiki cha chini kushoto ni mnene hivi, mara tatu ya ule wa kulia, na damu inayopita ni ile ile?

Kwa swali hilo Gasana alikuwa na jibu lake la kila mwaka. Alikuwa akiwaambia wabonyeze kwa kidole gumba, wahisi tofauti, basi.

"Chukueni watu wawili wa baiskeli wanaobeba maji," alisema Natacha. "Wana madumu sawa. Wa kwanza anapeleka kwa jirani, nyumba ya pili tu. Huyo ni upande wa kulia, mapafu yako hapo hapo. Wa pili anapeleka mpaka Ndera, milima yote, kila siku. Baada ya mwaka mmoja, mapaja ya nani yatakuwa manene?"

Darasa lilicheka, likajibu kwa pamoja.

Ulikuwa mfano bora kuliko wake. Gasana alihisi kifua kinapata joto. Akalifungua daftari alilokuwa nalo magotini, akaandika: watu wawili wa baiskeli, madumu sawa, jirani na Ndera. Halafu akanyanyuka taratibu asisumbue, akaenda kufungua mfereji, kwa sababu sehemu ya vilango ilikuwa imekaribia na maji pale huchukua muda kufika.